Kalamu ya Risasi

Kwetu penseli tuliiita kalamu ya risasi,
wala hakuna aliyelala chini aliposikia jina.
Nimelikumbuka Jumamosi hii, maktabani Windsor,
theluji chafu imeganda kwenye ngazi,
nami nimekaa kando ya mashine inayochapa vitu.
Tangu asubuhi imetoa farasi wawili wa sataranji,
mpini wa birika la bibi mmoja Mlebanoni,
na kidole gumba cha plastiki
cha mtoto aliyezaliwa bila chake.

Akaja Rémi Desjarlais, miaka kumi na saba,
pua nyekundu kwa baridi, flashi mfukoni.
Akasema ni bawaba ya kabati la mama yake.
Nikafungua faili. Kioo kikaanza kuizungusha
kama mnunuzi ageuzavyo papai,
na kabla haijamaliza mzunguko wa kwanza
nikajua: bawaba haishikwi kwa kiganja.

"Binamu yangu kanitumia. Kutoka ng'ambo."

Ng'ambo ni hapo tu. Dirishani naiona Detroit,
mto katikati, upana wa ukelele
wa mtu mwenye mapafu mazuri.
Upande ule wapo mawakili wasemao mchoro ni neno,
na neno ni la mwenye kinywa;
majaji bado wanavutana.
Upande huu, mchoro uleule,
ukiuweka kwa nia ya kuugawa, una kifungo chake.
Mto hauna habari. Unapitisha barafu
bila kuuliza ni ya nani.

"Lakini ni namba tupu," Rémi akasema.
"Mtu anafungwaje kwa namba?"

Hakujua anamuuliza nani.
Baba yangu, Mbelwa, karani wa ushirika wa pamba,
alifungwa miezi kumi na minne kwa namba:
bei ya kilo waliyotulipa,
bei ya kilo waliyouzia wao.
Mistari miwili kwenye stensili, nakala sitini.
Mama huapa kwamba alitoka
na wino ungali kwenye kucha.
Hakimu alisema karatasi ile ni bunduki.
Ndivyo alivyosema. Nilikuwa na miaka tisa,
benchi la nyuma, miguu haifiki sakafuni;
nikaikodolea macho pale mezani
nikiisubiri ilie.

Tangu siku hiyo, mtu akiliita neno silaha
mimi humtazama mikono.
Na sasa huyu ananiletea silaha,
anaiita neno.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole
kuliko kujikwaa ulimi.
Hawakuwahi kuona dole
likijikwaa kwenye kifyatulio.

Ningependa kuandika kwamba jibu nililipata.
Nilichokuwa nacho ni msimamizi aliye likizoni,
foleni ya watu wawili, mmoja anakohoa,
na mkono wangu juu ya kipanya.
Karatasi ya baba ilihitaji msomaji;
bila jicho la mtu, bila hasira ya mtu,
isingetoka hata uani.
Hii inahitaji plastiki na umeme wa usiku mmoja.
Labda tofauti ndiyo hiyo.
Labda hakimu naye alikuwa na yake, nzuri vilevile,
akalala nayo usingizi mnono.

Nikachomoa flashi. Nikaishika kidogo
— nyepesi, kama punje ya mahindi —
nikamrudishia.

Hakubisha. Alifunga zipu ya koti hadi kidevuni,
akaniuliza neno moja, kwa sauti ya mtoto:
"Utasema?"

Foleni ikasogea. Yule wa kukohoa
anataka kitasa cha droo.
Mbele yangu daftari la siku, safu ya mwisho,
*Sababu ya kukataa*,
na kwenye kikombe kalamu za wino zimejaa tele.
Nikazipita zote,
nikachagua ile inayofutika.